Kisu Kipya na Mkono wa Baba Mkwe

Sikukipenda tangu dukani. Nilizoea kisu kinachojionyesha, mpini huku, makali kule, siyo hiki kilichojificha ndani ya mpini wake kama kobe. Muuza duka pale Kyela mjini alikisifia mpaka nikachoka: hakitoboi mfuko, hakishiki kutu, ndani kuna kibati kinachokikaza kisijifunge vidoleni. Akakifungua kwa kidole kimoja tu. Nilipojaribu mimi, ukucha ukakatika. Akacheka. Basi nikakinunua kwa hasira, nisionekane nimeshindwa na kijisu.

Njia nzima ya kurudi Ipyana nilikuwa nakipapasa mfukoni. Kilikuwa kizito kuliko kinavyoonekana, kinanuka mafuta ya mashine, na springi yake ilikuwa ngumu mno. Kila nilipokifunga nilihisi kinanitafuta kidole. Nyumbani nikakijaribu kwenye jani la mgomba. Kikapita kama hakijagusa kitu. Hapo ndipo nilipokiogopa kweli. Nikakitia mfuko wa gauni, nikaenda shambani kupasua kokoa.

Sasa, baba mkwe wangu. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Siku hizi wengi wameacha, kanisani wanakaa hata benchi moja, lakini mzee wangu hakuacha, na mimi nikamfuata. Nikimsikia anakohoa njiani, naingia migombani. Yeye akiniona kwa mbali, anageuka. Nimemzalia wajukuu, nampikia kila siku, lakini sura yake nilikuwa siijui. Nilimjua mgongo.

Ilikuwa masika, na mfereji unaopita kati ya mpunga na kokoa ulikuwa umefurika. Nimekaa chini, ute wa kokoa umenifika viwikoni, nikasikia ng'ombe analia vibaya, halafu sauti ya mzee akimwita mwanawe. Mwanawe, yaani mume wangu, alikuwa ameenda Itungi. Nikasimama nyuma ya mgomba nikisubiri mtu mwingine asikie. Jamani, mtu anaomba msaada na mimi nimesimama nachungulia! Akaita tena, safari hii sauti imefifia. Nikakimbia.

Ng'ombe alikuwa ametumbukia mferejini na maji yanamvuta. Mzee alikuwa ameizungusha kamba mkononi, kama wanavyofanya wote ili isiwaponyoke, na sasa imemkaza. Amelala kifudifudi ukingoni, mkono umenyooka mbele, na kila ng'ombe akirusha miguu, yeye anateleza kuelekea majini. Alipojua ni mimi, akauficha uso kwenye matope.

Nikatoa kisu. Vidole vimejaa ute, ukucha sina, chuma kinateleza. Kikaniponyoka, kikaanguka kwenye nyasi. Nilipokiokota, maji yalikuwa yameshamfika mzee kifuani. Nikauma mgongo wa kisu kwa meno, nikavuta mpini. Kikafunguka na kunichana mdomo.

"Usikate," mzee akasema kwenye matope. "Ana mimba huyo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu niolewe. Nilichukia, nisikufiche. Mtu anazama, anawaza ndama! Nikakata. Ng'ombe akaenda na maji, na mimi nikamshika mzee mkanda wa suruali, nikamburuta hadi kwenye nyasi.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe kamba ilikuwa bado imemzunguka kifundo cha mkono, imezama kwenye nyama, na vidole vinageuka rangi. Imelowa, haifunguki. Ilibidi nimshike mkono. Akajifunika macho kwa mkono wa pili, nikapiga magoti karibu naye hivyo, na kisu ambacho sikukijua vizuri nikakiingiza kati ya kamba na mshipa wake. Nikatanguliza kidole changu chini ya makali, kama ni kukatwa nikatwe mimi. Nilikata kidogo kidogo, uzi baada ya uzi. Uzi wa mwisho ukaachia.

"Fumba ngumi, baba," nikamwambia.

Hakufumba. Vidole vililala vile vile, vyeusi, vya baridi. Hapo ndipo nilipoanza kulia. Nikavisugua, nikavipulizia pumzi, nikavikandamiza kifuani kwangu bila kujali ni vya nani. Kule chini, penye maji ya kina kifupi, ng'ombe alikuwa ameshapanda ukingoni, anajikung'uta, na mimi sikuwa na haja naye. Nikaendelea kusugua. Kidole cha shahada kikacheza. Kisha kikafuata cha kati, halafu mkono mzima ukanifinya, dhaifu kama wa mtoto mchanga.

Ningepaswa kukimbilia migombani pale pale. Lakini mzee alishautoa mkono machoni. Tukatazamana. Macho yake ni ya kitindamimba wangu, yale yale, hata kope.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akajifuta matope yaliyokuwa yakimchuruzika shavuni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kumbe ndiyo wewe."