Mtani Aliyeacha Kumtania Annonciata

Annonciata Haule, Mngoni wa Peramiho, anaishi Hayes, London, mwaka wa kumi na nane sasa, na mingi ya miaka hiyo ameimalizia kwenye jiko kubwa karibu na Heathrow, akipanga chakula cha ndege kwenye trei. Ana skizofrenia. Sauti zilizokuwa zikimsumbua zimenyamazishwa na sindano ya kila mwezi, Mungu ashukuriwe. Kilichogoma kuondoka ni hiki: hajui tena mtu ana nini moyoni. Mtu anune, acheke, akae kimya, kwake yote ni mlango uliofungwa. Na uso wake mwenyewe umetulia tuli, hata wengine hudhani anaringa.

Rafiki aliyembakia London alikuwa mmoja, Galinoma, Mhehe, mpakiaji wa trei kwenye magari hapohapo jikoni. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakaishia kuwa watani, kwa hiyo hawa wawili walitukanana kila asubuhi kwa raha zao: Galinoma akimwita mla panya, Annonciata akimrudishia mla mbwa. Annonciata alipotoka hospitali, alikolazwa kwa ugonjwa huo mwaka juzi, matusi yakakoma. Ikawa "Pole dada, unaendeleaje?" kwa sauti ya kanisani. Wema gani huo! Annonciata aliwaza na kuwazua akapata jibu moja tu: Galinoma ananichukia. Akaanza kula peke yake, na akaomba kuhamishiwa shifti nyingine.

Februari hii mama yake akafariki huko Peramiho. Hakuweza kusafiri, msiba ukawekwa kwake Hayes. Watanzania wakajaa sebuleni. Galinoma naye akaja, akakaa pembeni, mikono magotini, kimya. Mhehe msibani kwa Mngoni, mahali ambapo mtani ndiye wa kufanya mizaha, kimya! Hilo ndilo lililomkata maini Annonciata. Nesi anayemchoma sindano amemzoesha jambo moja: usichokijua, uliza. Akauliza, mbele ya watu wote.

"Galinoma, unanichukia?"

Watu wakaacha kunywa chai.

"Mimi? Nani kasema?"

"Hunitanii tena. Hata leo, msiba wa mama yangu!"

Galinoma alijifuta uso. "Nilisoma online, wanasema mwenye ugonjwa huo anaweza asijue kama anataniwa au anatukanwa. Niliogopa kukuumiza, dada yangu."

"Ni kweli, sijui. Basi niambie kwanza, halafu nitanie."

Jamaa akasimama. "Mtani, huu ni utani. Mama yako amekufa makusudi. Aliniahidi panya wa kukaanga, akaona heri kaburi kuliko kunigawia."

Shangazi mmoja akaguna. Annonciata akacheka, na machozi yaliyomgomea siku nne yakamtoka yote, akalia na kucheka kwa pamoja, asijue lipi linaanza na lipi linaisha. Alipomaliza, uso ukarudi palepale, tuli.

"Galinoma," akasema, "mbwa wa jirani hajaonekana tangu ulipoingia. Polisi wako njiani."

Galinoma akamtazama usoni akitafuta kicheko, asikione. Akawatazama wenzake, nao hawakujua. Akatazama mlango. Kijasho kikaanza kumtoka, mwanamume mzima.

Annonciata akamwacha hivyohivyo kidogo, naye aonje.

"Huu ni utani, mtani," akasema.