Leso ya Ubatizo

Asubuhi moja ya ujana wangu imenirudia tangu uliponipigia simu Jumapili kutoka Amalemba, mjukuu wangu Wafula. Ni asubuhi niliyokwenda kwa Shangazi Peresi, dada mkubwa wa baba yangu, kumwomba aniazime leso ili nikabatizwe mara ya pili.

Uliniambia kwenye simu kwamba maji hayakukushika. Ulibatizwa Pasaka, ukaiacha ile kamari ya simu iliyokuwa ikikumaliza, ukatulia tukafurahi sote. Halafu juzi simu ikalia mfukoni ukiwa kazini pale dukani, ujumbe wa mechi, na vidole vikaanza kukuwasha. Hukubonyeza, lakini ulitamani mpaka ukatoka jasho. Sasa unasema ama utaacha kwenda kanisani kabisa, ama utafute kanisa lingine huko mjini wakubatize upya. Nilikuambia nitakujibu. Jambo kama hili halijibiwi kwa simu, tena salio lako huisha katikati ya neno, kwa hiyo nimeona nikuandikie taratibu. Macho yangu unayajua, usicheke herufi zangu.

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nikiishi na wazazi wangu hapa hapa Navakholo. Shamba letu la mahindi lilipakana na barabara ya vumbi ya murram ambayo trekta za miwa zilipita kwenda kiwandani. Mmoja wa madereva wale alikuwa na honi yake, mbili fupi na moja ndefu, na akifika kwenye kona yetu aliipiga kwa ajili yangu. Jina lake sitalitaja. Ana wajukuu sasa kama mimi, na mmoja wao huwa unacheza naye mpira.

Nilimpenda, mwanangu. Nakuambia wazi kwa sababu nyinyi vijana mnadhani nyanya zenu walizaliwa wamefunga vitambaa kichwani. Alikuwa na sauti ya chini, na akikuuliza habari yako alingoja jibu. Tatizo ni kwamba alikuwa na mke na watoto kule Lugari, nami nilijua. Nilijua, na bado nilikuwa nikitoka kwenda kumlaki barabarani.

Basi mwaka ule nikaingia darasa la ubatizo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichoka kuwa mtu wa kujificha. Nikamwambia dereva pale barabarani kwamba nimeacha na asinipigie honi tena, naye akacheka kidogo, akaondoa trekta. Nikafikiri yamekwisha.

Tulibatizwa mtoni Lusumu asubuhi mapema, na ukungu bado umelala juu ya maji. Wewe ulibatizwa mto ule ule, unajua baridi yake. Mchungaji alisimama maji yakiwa kiunoni, kwaya iliimba ukingoni, na wanawake walijipanga na leso mikononi kumpokea kila anayetoka. Kila mtu alikuwa na wake wa kumfunika. Wangu alikuwa Shangazi Peresi. Nilipotoka nikitetemeka, meno yakigongana, hakungoja nipande ukingo. Aliingia majini na viatu vyake, akanizungushia leso nzito ya rangi ya kahawia, akanikumbatia hapo hapo mpaka nikaacha kutetemeka. Nililia. Nilijiona mpya kabisa, na nilikuwa mpya.

Wiki chache baadaye miwa ya upande wetu ikaanza kukatwa, na trekta zikarudi. Nilikuwa napalilia maharagwe kati ya mahindi niliposikia mbili fupi na moja ndefu.

Moyo uliruka, jembe likanitoka mkononi. Sikwenda barabarani. Nilisimama katikati ya mahindi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, nikasikiliza mpaka mlio ukapotea kuelekea kiwandani. Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Nikajikuta kila alasiri nachagua kupalilia mistari ya karibu na barabara. Siku moja nilivaa gauni la kanisani kwenda shambani, mama akaniuliza kama tuna mgeni.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilijiambia kwamba mtu aliyebatizwa kweli hawezi kutamani hivi, kwa hiyo mimi nililowa tu. Wenzangu niliobatizwa nao niliwaona wakiimba macho yamefumbwa, nikaona wao maji yamewashika. Nikaanza kukaa benchi la nyuma, kisha nikaacha kwaya nikasingizia kifua. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na watu wote walikuwa wamenipigia makofi mtoni?

Kisha sokoni mwanamke mmoja muuza viazi akasimulia habari za mhubiri wa Matete. Alisema akikuzamisha yule, hutamani tena kitu chochote mpaka unakufa. Leo naona hata mwenyewe hakuliamini neno lake, maana alikuwa akisimulia huku anampunja mteja. Mimi nililiamini lote. Nikaamua siku ya soko la Matete nitakwenda, nibatizwe upya mahali ambapo hakuna anayenijua. Kilichobaki ni leso, na leso nzito ya kutosha niliyoijua ilikuwa moja tu.

Nilimkuta Shangazi Peresi barazani kwake anapukuchua mahindi, kuku wakimzunguka. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye maneno makali na mikono ya taratibu. Nikamsalimu, nikakaa, nikachukua hindi na mimi. Baadaye nikasema nilichojia.

"Leso ya mtoni?" akauliza. "Nani anabatizwa?"

"Mimi, Shangazi."

Hakuacha kupukuchua. "Wewe ulishabatizwa. Mimi nilikuwa pale, viatu yangu haijakauka mpaka leo."

"Haikushika."

"Nini haikushika?"

"Hiyo maji."

Akaniangalia sasa. "Kwani wewe ni kitambaa cha kutiwa rangi?"

Nilitaka kucheka, nikalia badala yake. Nikamwambia yote, honi, mistari ya karibu na barabara, gauni la kanisani, Matete. Aliendelea kufanya kazi nikiongea, na hilo lilinisaidia, maana kama angenitazama nisingemaliza.

"Umeenda kwake?" akauliza nilipokwisha.

"Sijaenda."

"Lakini unataka."

"Nataka sana, Shangazi."

"Basi ulitaka maji ikufanye nini? Ikuzibe masikio? Ile maji iliosha wewe. Masikio ilikuachia." Akatupa gunzi, akachukua hindi lingine. "Yesu mwenyewe alitoka kwa mto, hata nywele haijakauka, akapelekwa jangwani kukutana na yule mwovu. Ulifundishwa hiyo ama ulikuwa unasinzia?"

"Nilifundishwa."

"Yule mwovu alianza na nini?"

Nikasema alianza na mawe, kwamba yageuzwe mikate.

"Hapana. Mbele ya mawe." Akaacha kazi sasa, mikono juu ya magoti. "Alianza kwa kumuuliza kama kweli ni Mwana wa Mungu. Na pale mtoni alikuwa ameshaambiwa ni mwana, tena anapendwa. Kila mtu alisikia. Huyo mwovu anaanzanga hapo. Kwanza akutoe kwa ile uliambiwa mtoni, halafu mkate anakuletea polepole. Hii honi ni mkate tu, msichana wangu. Hata mimi nimewahi kuwa na honi yangu, usinione hivi. Lakini hii ya kusema maji haikushika, hii ndiyo jaribu yenyewe. Na hapo ulikuwa umeshaanguka, ukiwa umesimama ndani ya maharagwe na gauni ya kanisa."

Nikaliweka hindi chini. Kitu kilichoniumiza si kwamba alinikaripia. Ni kwamba alikuwa ameniona mpaka ndani, na bado alikuwa amekaa karibu nami.

"Tena nina hasira na wewe," akasema, sauti ikashuka. "Ulifikiri niliingia kwa maji na viatu kwa sababu gani? Kukukausha tu? Jua lingekukausha. Mtu anakufunika ili ujue mlango wa kugonga. Na wewe ukaenda kupigana peke yako karibu na barabara."

Akainuka, akaingia ndani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Akarudi na ile leso ya kahawia imekunjwa, ikinuka sanduku, akaikunjua na kunizungushia mabegani, mimi mkavu, jua linawaka, kuku wanatuzunguka. Akanishika kama siku ile ya mtoni. Nikatetemeka vile vile, ingawa hapakuwa na baridi.

"Leso ndiyo hii," akasema juu ya kichwa changu. "Lakini si ya Matete."

Alasiri hiyo akanifuata shambani na jembe lake. Alinipanga mimi mistari ya ndani, yeye akachukua ya karibu na barabara. Honi ilipolia, mbili fupi na moja ndefu, nilisimama wima. Shangazi Peresi naye akasimama, akainua jembe juu, akamwita dereva kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto.

"Mulembe, baba watoto! Mama yao anaendelea aje huko Lugari? Mwambie tunamsalimia!"

Ilibidi dereva asimamishe trekta ajibu, maana alilelewa vizuri, salamu ya mtu mzima haiachwi barabarani. Akajibu kwamba mama watoto hajambo. Shangazi akamuuliza habari za kila mtoto, na meno ya wa mwisho kama yameota. Mimi nilikuwa nimechuchumaa katikati ya maharagwe, nikicheka na kulia pamoja. Shangazi alikuja tena kesho yake, na siku nyingi zilizofuata. Sababu ya kupalilia kwetu hakuwa nayo, shamba lake mwenyewe lilikuwa linaota magugu. Baada ya muda dereva akawa anapita kwenye kona yetu bila kupiga chochote.

Ungependa nikuambie kwamba tamaa iliisha. Haikuisha, Wafula. Msimu mzima wa miwa nilikuwa nikisikia honi hata ya trekta nyingine na moyo unageuka. Lakini sikuwa tena nasema maji hayakunishika. Nilikuwa nasema, mimi ni mtoto wa Mungu aliyesikia honi, na ninapalilia. Nikarudi kwaya, kifua kikapona ghafla, hakuna aliyeshangaa. Babu yako alikuja baadaye kabisa, na nilipomweleza habari hii alicheka mpaka akaweka chai chini. Na baada ya hapo nimejaribiwa kwa mengine mengi. Alipofariki babu yako, chuki iliniingia kwa ndugu zake kwa yale waliyosema kaburini, nikakaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na honi. Siku hizo nilikwenda kugonga kwa Shangazi Peresi, aliyekuwa sasa mzee hasa, haoni vizuri. Alikuwa hataki hata kusikia kisa chote. Aliniambia tu nikae, akapapasa sanduku lake kutafuta ile leso.

Sasa nisikilize, maana nimefika nilipokuwa nikienda.

Kutamani si kuanguka. Simu yako italia tena, labda unasoma maneno haya imeshalia, na vidole vitawasha. Usishangae na usijione mwongo. Ulichoambiwa mtoni Pasaka ni kweli hata vidole vikiwasha, na ukisikia sauti ndani yako ikisema kwamba hukubatizwa vizuri, huyo ndiye wa kumkatalia kwanza, kabla hata ya kamari. Usitafute maji mengine. Ulishaoga. Lakini pia usibaki mistari ya karibu na barabara, mwanangu. Zifute hizo namba zinazokutumia mechi, na kama hujui namna ya kuzizuia, mpe mwenye duka lenu simu ukiwa kazini. Utaona haya siku ya kwanza tu. Na ukitamani mpaka utoke jasho, usinyamaze. Sema kwa mtu huku bado unatamani, usingoje mpaka uwe umebonyeza. Ukiwa umebonyeza, sema vile vile.

Uliniuliza kwa nini mimi sikuonekana kukasirika kwenye simu. Pasaka ile, ulipotoka Lusumu ukitetemeka, unakumbuka ni nani aliyekufunika? Ulikuwa umefumba macho, lakini viatu vyangu vilivyolowa uliviona, maana ulinicheka njia nzima tukirudi nyumbani. Leso ile ilikuwa ya kahawia, imechakaa pembeni. Shangazi Peresi aliniachia alipokuwa anakufa, na hakusema neno juu yake, alinisukumia tu mikononi.

Jumamosi nitapanda boda boda mpaka stendi, nije Amalemba. Sitaki upike kitu kikubwa, obusuma wa unga wa mahindi na mboga zinatosha, ingokho nitaikamata hapa uani kati ya kuku wangu nije nayo mwenyewe. Leso itakuwa mkobani. Tutakaa mlangoni kwako, wewe mkavu, jua linawaka, majirani wakitazama wakitaka, nami nitakufunika.

Mungu aliyekuita mwanawe ukiwa umelowa akuite hivyo ukiwa mkavu, Wafula. Akupe mtu wa kusimama upande wa barabara, na siku moja akufanye wewe mtu huyo kwa mwingine. Ulale salama mpaka nifike.