Jiko la Kusimama

Ebla Keinan alianza kubomoa jiko lake wiki ile alipopata kibali cha kumtoa mama yake katika kijiji cha seng'enge. Ilikuwa mwaka 1967. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji ndani ya ua ili mashifta, waasi wa msituni, wasipate chakula kwao, na mifugo ya mama yake, Raho, ilikufa humo mmoja baada ya mwingine. Wazee nao walikuwa wameanza kukohoa. Kibali kilikuwa cha siku saba. Kabla hazijaisha, Raho alipaswa kutia kidole gumba kwenye karatasi ya chifu: ama abaki mjini kwa mwanawe, ama arudi.

Nyumba ya Ebla, pembezoni mwa Garissa, ilikuwa kuukuu, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Jiko lilikuwa kibanda cha miti na mikeka uani, cheusi kwa masizi, na mafiga matatu chini. Ebla hakulipenda. Ujanani alikuwa yaya katika nyumba ya ofisa mmoja, akaona kwamba mwanamke anaweza kupika amesimama, bila moshi machoni. Alitaka mama yake naye apumzike hivyo kabla hajafa.

Fundi Yarow alijenga kwa matofali, akainua mahali pa moto hadi kiunoni, akaweka bomba la bati la kutolea moshi.

"Bi Ebla, urefu huu ni wa kumpikisha nani?" aliuliza akipima kwa kamba. "Twiga?"

"Wewe jenga. Mkeo akiliona atakufukuza mpaka umjengee lake."

"Mke wangu hata akiwa ameketi chakula kinachelewa."

Mafiga ya zamani aliyatia kwenye msingi.

Raho alifika na lori la Jumatatu, amebeba vyombo viwili vya maziwa vilivyosukwa kwa mizizi, vitupu. Ebla alimtandikia kitanda, akampikia wali na nyama, akamnawisha mikono. Kila Raho alipoinuka aliambiwa, "Keti, hooyo. Umechoka vya kutosha." Raho naye alimwita hooyo, kama mama zetu wanavyowarudishia watoto neno hilo la 'mama', akaketi.

Siku ya pili aliingia jikoni kufukiza vyombo vyake. Chombo cha maziwa kisipopata moshi wa kijinga cha moto huharibika, hata kikiwa kitupu, na kazi hiyo mwanamke huifanya ameketi, chombo kikiwa katikati ya magoti. Raho alitafuta pa kuketi. Kwa jinsi umri ulivyomkunja, moto ulikuwa usawa wa kifua chake. Ebla alimkuta amesimama na kijinga mkononi.

"Nipe mimi, hooyo. Utaungua."

Raho akampa. Ebla alivifukiza harakaharaka, moshi mwingi ukipotelea kwenye bomba. Raho alilitazama lile bati.

Siku ya nne, Ebla akiwa sokoni, Raho alitembea peke yake hadi kwa chifu akatia kidole. Ebla aliposikia alikimbilia huko. Karani akamwambia orodha ya wanaorudi imeshapelekwa kwa wanajeshi, na haibadilishwi.

"Nilikukosea nini?" alimuuliza mama yake.

"Hukunikosea. Umenikirimu kuliko mtu yeyote."

"Basi mbona?"

"Mgeni hukirimiwa siku tatu, hooyo, kisha huondoka. Nilingoja uniambie hata niteke maji."

"Ningemwita Yarow alivunje jiko."

"Jiko ni zuri. Lakini kule mke mwenzangu Maka haoni, na mimi ndiye ninayemwashia moto."

Lori liliondoka Jumapili. Kikohozi kilimchukua Raho kabla ya mvua za Oktoba, na habari zilimfikia Ebla maziko yakiwa yamekwisha. Majirani walikuja kumpa pole, wakaingia jikoni kupika, wakalisifu. Mmoja aliuliza jina la fundi. Ebla akamtajia.