Kamera Mbili, Filamu Moja na Lundo la Pamba

Nilitoka Bukima kwa sababu bwana shamba alitaka slaidi, azionyeshe kwa taa kwenye shuka jeupe, watu wa kijiji chetu cha ujamaa watofautishe pamba safi na pamba fifi, ile yenye madoa na uchafu. Kijiji kilipata filamu moja tu. Kamera hatukuwa nayo. Nikatumwa mimi kuichagua, eti niliwahi kumshikia padri kamera yake. Mwenyewe sikuona kama hiyo inatosha.

Musoma, asubuhi. Fundi picha wa karibu na soko aliniwekea mbili mezani, zote za kuingia mfuko wa koti. Moja ilipima mwanga kwa betri. Nyingine ilikuwa na vioo vidogo vya kupimia mwanga kuzunguka lenzi, haitaki betri.

"Filamu ya slaidi haina msamaha, ndugu," alisema. "Picha ya karatasi nitairekebisha nikiichapa. Hii ukikosea mwanga, basi."

Tulizielekeza ukutani, tukazilinganisha na kipima mwanga chake cha mkononi. Zilikubaliana zote. Akaniruhusu nikazijaribu njiani. Nikamwachia baiskeli yangu iwe rehani.

Bunda, jua kali. Kwenye kinu cha pamba, wachukuzi walikuwa wamekaa juu ya lundo. Sindano ya kuonyesha mwanga kwenye kamera ya betri ilikuwa imelala kabisa. Labda niliiacha wazi mfukoni ikamaliza betri, kwa hiyo siwezi kuilaumu. Ila betri zake hata Musoma ni za kuagiza. Nikainua ile ya vioo, sindano ikaruka juu.

"We mpiga picha!" mchukuzi mmoja aliita. "Mwenzako alitupigaga hapahapa. Pamba ikatoka nzuri, sisi tukatoka meno tu!"

Walicheka. Mimi nilishtuka. Nikamsogelea mpaka kamera ikakaribia shavu lake, na sindano ikashuka. Kumbe ilikuwa ikipima pamba, yeye haimwoni.

"Sasa unaninusa?" akauliza.

Butiama, alasiri. Shangazi yangu alikuwa uani akichambua pamba. Hakuwahi kupigwa picha.

"Unitoe mimi," alisema. "Usitoe kivuli changu."

Nikapima shavuni, nikaweka namba kama sindano ilivyosema, nikarudi nyuma, nikapiga. Picha zilizobaki nilizipiga hivyohivyo.

Kurudi, nilipitia Musoma, nikarudisha ya betri, nikalipia ya vioo, nikachukua baiskeli yangu. Filamu ikapelekwa Nairobi kusafishwa.

Iliporudi kijijini, tulitundika shuka kwenye ukuta wa darasa. Shangazi akatokea, makunyanzi yote na pengo lake, akicheka. Mikononi mwake pamba ilikuwa weupe mtupu. Bwana shamba alitafuta kwa fimbo yake.

"Pamba fifi iko wapi hapa?"

Alikuwa na haki. Nilijifunza kwamba kamera inatenda haki kwa kile ulichokisogelea, na pamba sikuisogelea. Kama nilichagua vizuri, mpaka leo sijui.

Bwana shamba akanyoosha mkono abadilishe picha.

"Mwache kwanza," wanawake wa nyuma wakasema. "Bado tunamwangalia."