Vidonge vyeupe kwenye ndoo za nyuzi: soma kabla hujamfunika mtoto

Wakuu, salaam aleikum na hamjambo nyote. Wa umri wangu humu sidhani kama ni wengi, basi marahaba naitanguliza, shikamoo zenu mtaniletea baadaye.

Nimesoma post ya mwenzetu mmoja analalamika nondo wamemlia sufu za mkewe. Karibu wote mmemjibu jibu moja: tia vile vidonge vyeupe, funga ndoo, umemaliza.

Nimeshindwa kunyamaza.

Nitawaeleza yaliyonikuta mimi mwenyewe hapa kijijini Gazi, huku pwani. Sitaongeza chumvi, iliyokuwamo ilinitosha. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mimi ni mfumaji. Vitambaa vya makochi, kofia za watoto, shali. Nyuzi zangu nilikuwa naziweka kwenye vikapu vya ukili, nimevitundika kwenye boriti chumbani, upepo unapita. Ndani natia majani makavu ya mwarobaini. Yakishakuwa vumbi nakung'uta, natia mengine.

Na mpango wangu haukuwa wa rangi. Ulikuwa wa watu.

Kila mtoto niliyemfumia shali, mabaki ya uzi wake yana kikapu chake. Shali ikikwama msumarini au ikiguguniwa na panya, narudi kwenye kikapu kile kile, natengeneza kwa uzi ule ule. Dukani Ukunda hupati rangi moja mara mbili, hata muuzaji akiapa.

Kikapu cha Mwanakombo. Cha Rama. Cha Saumu aliyeolewa Vanga. Cha pacha Hassani na Huseni, hao kimoja, maana hata tumbo waliligawana. Hakuna kilichoandikwa jina. Watu huniuliza nakumbukaje. Mtu uliyemfunika akiwa mchanga, jina lake halikutoki.

Basi mwaka jana nikaenda Samburu kumwuguza dada yangu, mguu ulikuwa umemvimba. Nyumba nikamwachia mkaza mwanangu, Mueni.

Mueni ni Mkamba, wazazi wake walipewa shamba kule Shimba Hills. Mchapakazi, hana makuu. Kazi yake ni kutunza mashuka na blanketi katika hoteli moja ya Diani. Binti yake Riziki, mjukuu wangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na uzazi wa kwanza kwetu mwanamwali huja kulelewa kwao. Mueni akataka chumba kiwe safi kabla hajaja.

Niliporudi nilisimama mlangoni. Boriti tupu.

Ukutani kumepangwa ndoo za plastiki zenye vifuniko. Nyekundu, kijani, buluu, nyeupe mwisho. Ungedhani ni duka.

Mueni akaniambia, "Mama, sasa utaona kila kitu bila kupanda kiti."

Nikamwuliza uzi wa Saumu uko wapi. Akafungua ndoo ya kijani. Ndani madonge ya watu kadha wa kadha, yamechanganyika.

Nikanuna. Sikumtukana, lakini nilinuna mpaka jirani yangu Mejumaa, shoga yangu tangu usichana, akanitania ati nimefiwa na vikapu, ananisubiri niingie eda.

Hapo ndipo akili yangu ilipopotea njia, wakuu. Niligombana na rangi.

Ndani ya kila ndoo, chini kabisa, kulikuwa na vile vidonge vyeupe, amevifunga kwenye kitambaa, kama wanavyofanya hotelini kwenye blanketi za akiba. Niliviona. Nilivinusa. Nikasema angalau chumba chanukia usafi. Hata nilivipenda, maana mwarobaini haunukii hivyo.

Riziki akajifungua mtoto wa kiume, salama, akaletwa nyumbani. Akaitwa Bakari, jina la marehemu mume wangu.

Shali yake nilikuwa nimeshaifuma, sufu nyeupe nzito, pindo la buluu. Nilipoimaliza niliitia ndani ya ndoo, nikakaza kifuniko, isiingie vumbi. Siku aliyofika nikaitoa, nikamfunika nayo moja kwa moja. Sikuifua wala sikuianika. Kitu kipya, nilichofuma kwa mkono wangu, kwa nini nikifue?

Macho ndiyo yaliyoanza kuwa manjano.

Nikasema ni kawaida, wachanga wengi hupitia hapo. Asubuhi nikamtoa kibarazani apigwe na jua kidogo. Na kwa kuwa kulikuwa na upepo, nikamfunika shali.

Kesho yake umanjano umeshuka kifuani. Nikamfunika vizuri zaidi.

Mnaona nilivyokuwa nafanya. Kila alipozidi, nami nilizidi kumfunika.

Mejumaa akaja kumtazama, akasema ni nyuni. Kwa msio wa huku, tunasema kuna ndege asiyeonekana anayewapitia wachanga. Akasema mtoto hajatimiza arobaini, asipitishwe barabarani, yeye ataleta dawa ya kumfukizia. Mueni akasema twende hospitali. Mejumaa akamjibu kwamba wa bara mambo haya hawayajui. Mueni akanigeukia.

Wote walinigeukia, maana nyumba ni yangu.

Nikasema tungoje kidogo.

Neno hilo silisemi tena.

Baada ya adhuhuri Riziki akaniita. Hakupaza sauti.

"Nyanya, hanyonyi."

Nikampakata. Shingo imelegea, mikono imelegea. Mara akalia, kilio chembamba, cha juu. Kilio cha njaa nakijua na cha tumbo nakijua. Kile sikukijua. Nikamvua soksi.

Nyayo zake zilikuwa za manjano.

Nikamwambia Mueni aite tuktuk. Mejumaa akasimama mlangoni.

"Shoga, na arobaini?"

"Ataitimizaje akiwa kaburini?"

Akapisha. Tena akavua leso yake mwenyewe, akamtanda Riziki mabegani.

Tukashika njia ya Msambweni. Nami ndani ya tuktuk nikaikunja ile shali mara mbili, nikamzungushia mtoto mpaka kichwani, asipigwe na upepo. Riziki akawa anampuliza usoni asilale. Mueni anamhimiza dereva. Mimi nasoma kila sura niliyoijua, nikifika mwisho narudia.

Aliyetupokea ni nesi mmoja Mduruma, anaitwa Mbodze. Akamwinamia mtoto, kisha akasita. Akaivuta shali akaipeleka puani.

"Hii imewekwa na nini?"

Nikamwambia ni mpya, nimeifuma mwenyewe.

"Sikuulizi imefumwa na nani, nyanya. Ilikuwa imewekwa na nini?"

Ni Mueni aliyejibu, kwa nyuma yangu.

"Vidonge vya nondo. Nimeviweka mimi."

Mbodze hakumgombeza. Aliivua shali akairusha nje verandani, akamvua mtoto kila kitu. Huku akimtoa damu akatueleza, maneno mafupi mafupi. Kuna watoto ambao damu yao haihimili hewa ya vidonge vile. Si lazima avimeze. Anaivuta tu, nayo ngozi inaipokea. Damu inavunjika, umanjano unapanda, ukifika kwenye ubongo mtoto hufa, au hubaki kiziwi na viungo visivyomtii. Akasema huku pwani watoto wenye damu ya namna hiyo wapo, na mzazi hajui mpaka yamkute.

Wakamlaza chini ya taa za buluu, uchi, amezibwa macho. Daktari akasema taa zisipofua dafu itabidi abadilishwe damu, tuwe tayari.

Hapo tukakaa.

Riziki alisimama kando ya kile kitanda cha taa akatupa mgongo, mamake na mimi. Mueni aliketi sakafuni. Akasema, "Mama, niliogopa nondo wasije wakala za mtoto."

Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Yalikuwa yamejipanga. Lakini ndoo alipanga yeye, na shali nilifunika mimi, na kungoja nilisema mimi.

Nikamwambia, "Sogea."

Nikaketi naye sakafuni, na magoti yangu haya.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa kumwona yule mtoto uchi. Miaka yote hii kazi yangu ni kufunika watoto. Huyu alikuwa akiokolewa kwa kufunuliwa, na kila nilipomtazama mikono yangu ilitaka kutafuta kitu cha kumtupia.

Wakapima damu. Namba ya umanjano imepanda. Wakapima tena, haijashuka. Riziki akamwuliza daktari kama ataweza kumtolea damu yeye mwenyewe, akaambiwa asubiri. Wakapima tena, imesimama pale pale.

Halafu Mbodze akaja, akasema, "Imeanza kushuka," kwa sauti ya mtu anayekwambia chai iko tayari. Hapo ndipo Riziki alipolia.

Hakubadilishwa damu. Alhamdulillahi. Baadaye masikio yalipimwa, anasikia.

Lakini Riziki hakurudi kwangu. Alipotoka hospitali alikwenda kwa wakwe zake Kinondo, na akatuma salamu kwamba hakuna kitu cha uzi kutoka nyumba ile kitakachomgusa mwanawe. Sikumlaumu.

Mimi na Mueni tukazimwaga ndoo zote uani. Vidonge tukavifukia mbali, mbali na kisima. Nyuzi tukazifua na sabuni, tukaanika uani siku nyingi za jua, tukazigeuza, tukafua tena mpaka ile harufu ikaisha. Wapita njia wakauliza bei.

Kisha tukakaa tuzirudishe kwa wenyewe. Donge moja moja. Huu wa Saumu. Huu wa Rama, alikuwa akipenda kuutafuna. Mueni akawa anashika donge ananiuliza, "Na huyu?" Mpaka akaanza kuyataja majina kabla yangu. Weupe tu ndio uliotushinda. Weupe umechanganyika na hauna tena mwenyewe, nikautia wote kikapu kimoja.

Vikapu vimerudi kwenye boriti. Kuna kimoja kipya, cha Bakari. Kilikuwa kimetundikwa kitupu, mwarobaini peke yake.

Arobaini ilipopita, Riziki akaja na mtoto mgongoni. Hakuketi. Alipanda kile kiti, akateremsha kikapu cha weupe, akachukua donge akalinusa. Akachukua jingine. Akanusa yote, Mejumaa amekaa pale anatazama, mpaka akashindwa kujizuia akasema huyu sasa aajiriwe bandarini, mbwa wa kunusa mizigo wapumzike.

Riziki alicheka kidogo tu. Akaliweka donge moja mapajani mwangu.

"Kofia peke yake, Nyanya. Na uifue kwanza."

Nikaifuma. Nikaifua. Nikaianika. Aliinusa kabla hajamvisha, nami nilingoja mpaka alipomaliza.

Basi ndugu yangu mwenye nondo, na nyinyi mliomjibu. Sufu inataka hewa, jua na kukung'utwa. Mimi natumia mwarobaini, na hata hivyo cha mtoto nakifua kabla hakijamgusa. Kama umeshatia vile vidonge, vitoe, fua, anika siku nyingi, na penye mchanga visiwepo hata chumba cha pili. Na mtoto akiwa manjano mpaka kifuani au miguuni, au akikataa kunyonya, usiseme neno nililosema mimi.

Ninyi mnaokaa penye unyevu wa bahari, nyuzi zenu mnaziweka vipi? Andikeni hapa chini, nitasoma yote, polepole.

Ila kabla hujaandika, inuka kwanza. Nenda ukalinuse kabati la nguo za mtoto.