Mti Uliotoka Mahenge

Mume wangu aliupata mti ule kwenye bustani ya mapadre huko Mahenge, alikokwenda kumzika shangazi yake. Ulikuwa mche mdogo usiozidi kiganja, umeoteshwa kwenye kopo la maziwa. Mapadre walimweleza kwamba asili yake ni Uchina, ni jamaa ya mwerezi, na haupukutishi majani hata kiangazi. Akavuka nao mto Kilombero kwenye kivuko, amelikumbatia kopo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ndoa yetu bado changa, tunakaa Katindiuka, nje kidogo ya Ifakara. Nilimwambia joto la huku bondeni litauua. Hakubishana. Aliupanda karibu na mlango, akaujengea kivuli cha matete, nami kila nilipoosha mchele nikaumwagia yale maji. Ukashika. Majani yake yalikuwa bapa, na ukiyafikicha yananukia utomvu. Yaliyokauka tulifukizia mbu. Noeli ikifika, majirani walikuja kuomba matawi ya kupamba milango.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa mti ukiwa umenifika kiunoni. Alijifunza kusimama kwa kuushika. Baba yake alikuwa akimsimamisha kando ya mti aone nani anakua haraka, na kila mara alisema mtoto ameshinda, ingawa haikuwa kweli.

Surua ilipoingia, haikumruka. Tulimpeleka hospitali ya masista, Ifakara, wakahangaika naye sana, lakini alikata roho mikononi mwangu. Sikulia. Nilimfunga mgongoni kwa kanga kama siku zote, na mume wangu hakunizuia. Tukarudi kwa miguu. Watu wa njiani walitusalimu kwa sauti ya chini wakidhani amelala.

Ilikuwa masika. Mashamba yote yamejaa maji, na kaburi lilipochimbwa nalo likaanza kujaa. Mume wangu akachukua panga, akaenda pale mlangoni, akakata matawi yote ya mti ule, hakubakiza hata kijani kidogo. Akashuka kaburini mwenyewe, akayatandika mpaka maji yasionekane.

"Asilale kwenye maji," alisema.



Mti wa namna ile ukikatwa hivyo hauchipui tena. Hatukulijua hilo. Niliendelea kuumwagia maji ya mchele, na shina likazidi kukauka. Asubuhi moja nilimkuta mume wangu amechuchumaa, anakwangua gome kwa ukucha akitafuta ubichi. Nikamuuliza kama tuung'oe.

"Uache kwanza, mama," alinijibu bila kugeuka.

Mwishowe mchwa waliuangusha. Alikwenda Mahenge mara nyingi baada ya hapo. Hakuleta mche mwingine, nami sikumwomba. Mungu alitupa watoto wengine, wakakua. Lakini hadi leo nikiulizwa nimezaa wangapi, namhesabu na yeye.