Nilivyowaua Wadudu wa Karo

Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu, upande wa Kang'ata, na ni mimi niliyeliua karo.

Karo hilo linapokea majitaka ya zahanati na ya vyoo vya soko. Yakitoka humo yanapita kwenye kitalu cha changarawe kilichopandwa matete, kisha yanaishia kwenye migomba. Alilijenga fundi mmoja Msambaa wa Bungu, mtu wa maneno machache. Siku ya kutukabidhi alisema, "Msilisumbue, linajifanyia kazi lenyewe." Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza linaifanyaje hiyo kazi.

Mwaka jana tukaambiwa wageni wa wilayani wanakuja kulitazama. Mwenyekiti wa kijiji akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi lile karo linanuka, au ni pua yangu?"

"Linanuka kidogo, mzee."

"Basi wageni wasiikute hiyo harufu."

Nikachukua madumu mawili ya dawa ya kusafishia vyoo, ile kali inayotoa machozi, nikayamimina yote ndani ya karo. Juu yake nikaongeza chupa ya marashi ya waridi. Wageni wakaja, wakavuta pumzi, wakatusifu. Mmoja alisema pananukia kama bibi harusi. Wiki nzima nilivimba kichwa.

Wiki ya pili harufu ikaanza, na haikuwa ile ndogo tuliyoizoea. Jirani yangu alikuwa anamwoza binti yake wiki hiyohiyo. Pilau ilipopakuliwa, watu wakainusa, wakatazamana, wakayasogeza masinia pembeni. Mpishi akakaa chini mbele yao akala sahani tatu kuthibitisha kwamba chakula hakijachacha, huku machozi yanamtoka. Nilijua fika kosa ni la nani, nikaendelea kuviringisha tonge langu.

Fundi akaitwa. Alifunua karo, akachungulia kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Nani amewaua wafanyakazi wangu?"

Nilidhani kuna watu wametumbukia.

"Wafanyakazi gani, fundi?"

"Wadudu, mama. Wadogo, huwezi kuwaona kwa macho. Ndio wanaokula uchafu humu. Mmewapa nini?"

Nikakiri yote, hata marashi. Akatikisa kichwa. "Wamekufa wananukia. Haya, mama, utakwenda kuleta wengine."

Akanielekeza kwenye shule moja upande wa Korogwe alikojenga karo kama letu. Huko wakanichotea tope jeusi la karo lao, lenye wadudu hai, ndoo mbili, nikazibana mifuniko. Kwa bahati nikapata lori lililoshusha mahindi, linarudi kwetu tupu. Dereva akaziweka ndoo mbele, miguuni pangu.

"Togwa hiyo, dada?"

"Chachu," nikasema. Niliona haya kusema zaidi.

"Ya sherehe?"

"Ya kijiji kizima."

Akaziheshimu sana ndoo zile, kwenye kila shimo akipunguza mwendo zisimwagike. Kumbe joto la injini lilikuwa linaivimbisha ile chachu. Tulipokaribia Handeni mfuniko mmoja ukaruka, pu! Dereva akakanyaga breki, akashuka mbio kukagua matairi. Yote yalikuwa mazima. Alipofungua mlango arudi ndani, alirudi nyuma hatua nne.

"Dada! Chachu imeoza!"

"Haijaoza, kaka. Ikinuka hivyo ndiyo iko hai."

Hakutaka mjadala. Safari iliyobaki niliimaliza nyuma, juu ya magunia matupu, nimezikumbatia ndoo zangu, na kila nikisalimiwa njiani naitikia kwa kichwa tu ili nisifungue mdomo.

Tuliwamimina wadudu karoni jioni ileile. Fundi akainama kwenye karo akasema taratibu, "Karibuni, jisikieni nyumbani." Mwenyekiti, ambaye haelewi mzaha, akaitikia, "Asante, tumekaribia."

Majuma yakapita, harufu ikafifia, hadi siku moja nikagundua nimesimama pale nakula chungwa bila kuziba pua. Matete yakarefuka kuliko mimi. Kisha vyura wakayagundua. Sasa wanapiga kelele mchana kutwa, na muuguzi wa zahanati ameniandikia barua rasmi kwamba akiweka kipimo kifuani mwa mgonjwa anasikia chura. Nimemjibu kwamba kamati italijadili suala hilo.